Niliacha dawa ya kupaka ya upara kwa miezi saba, sasa nimeirudia na nywele zinapukutika upya

Mkazi wa Segerea (mleta mada)

Ndugu wana jukwaa, habari za jioni. Nina umri wa miaka 39, ninaishi Segerea, Dar es Salaam, na ninafanya kazi ya uhasibu maeneo ya Posta. Naomba niwasimulie kwa utaratibu, kwa sababu nyuzi nyingi nilizosoma zinamhusu mtu anayeanza dawa, na ni chache mno zinazomhusu mtu aliyeanza, akaacha, kisha akataka kurudi.

Upara wetu ni wa ukoo. Marehemu baba alikuwa nao, na baba mdogo anao hadi leo. Kwangu ulianzia kwenye panja, pande zote mbili, kisha ukahamia utosini. Wa kwanza kuuona ni kinyozi wangu wa Tabata, ambaye ana desturi ya kukuinulia kioo cha pili nyuma ya kichwa akimaliza kazi. Siku hiyo alikiinua, akakishusha upesi kuliko kawaida yake, akaanza kunipangusa shingo kana kwamba hajaona kitu.

Januari 2022 daktari wa ngozi alinithibitishia kuwa ni upara wa kurithi, akaniandikia minoksidili ya kupaka ya asilimia 5, mililita moja asubuhi na mililita moja usiku. Wiki za mwanzo nywele zilipukutika, kama alivyonionya. Mwezi wa nne malaika, zile nywele laini za mwanzo, walianza kuota utosini, na mwaka ulipotimia nilikuwa na nywele za kutosha kumwambia kinyozi anipitishie mashine namba tatu. Panja hazikurudi kwa kiasi cha kujivunia, lakini utosi ulifunikwa, nami nikazoea kuketi viti vya mbele vya Mwendokasi bila kufikiria nani yuko nyuma yangu.

Machi 2024 baba alifariki. Nilisafiri kwenda Songea na begi moja, chupa ikabaki kwenye kabati la bafuni. Hata kama ningeibeba, sidhani kama ningeweza kusimama mbele ya wajomba na mashangazi wanaolia, nikijidondoshea dawa ya nywele. Nilikaa huko hadi arobaini ilipopita. Niliporudi nikakuta madeni ya msiba na ada za watoto vinanisubiri pamoja, na chupa ya kila mwezi ikaanza kuonekana kama anasa ambayo mtu mzima anapaswa kuionea haya.

Mwezi wa kwanza bila dawa sikuona mabadiliko. Wa pili pia. Hapo ndipo nilipojidanganya kwamba dawa ilikwisha maliza kazi yake na nywele sasa ni zangu. Mwezi wa tatu ulipokatika, zilianza kutoka kwa wingi: kwenye mto, kwenye sinki, ndani ya kofia. Agosti kinyozi alinipitishia namba moja bila kuniuliza, nami sikumuuliza kwa nini.

Mwishoni mwa Oktoba nilianza tena, dawa ileile, kipimo kilekile. Leo ni wiki ya tano na nywele chache zilizokuwa zimebaki nazo zinaondoka. Jana usiku nilijipangusa kwa taulo jeupe, nikahesabu hadi 60, nikaacha kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Ninachotaka kujua ni kama kupukutika huku ndiko kulekule kwa mara ya kwanza au ni dalili kwamba dawa imenikataa. Na je, aliyewahi kuacha anaweza kufika tena pale alipokuwa, au nimekwisha kupoteza nafasi yangu? Zaidi ya hayo, ningependa kusikia mnaishije na miezi hii ya katikati, maana mara ya kwanza nilikuwa na matumaini, na sasa nina hesabu ya nilichokipoteza.

Kipara Huru

Pole kwa msiba, mkuu, na pole kwa nywele. Mimi niliitumia dawa hiyo miaka mitatu, nikaiacha 2019 na sikuirudia. Kila Jumapili ninanyoa kwa wembe hadi kichwa king'ae, ninapaka mafuta, ninakwenda zangu. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Ninasema kwa sababu nilipokuwa katika kuacha na kurudi, ambako nilikufanya mara mbili, hakuna aliyeniambia kwamba kuacha moja kwa moja nako ni uamuzi halali ambao mtu anaweza kuufanya akiwa na akili timamu. Ukiona bajeti itakulazimisha kuacha tena baada ya miezi sita, basi afadhali uamue leo.

Mfamasia wa Zamu

Mleta mada, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nipo kwenye duka la dawa huu mwaka wa kumi na moja, na simulizi lako nimelisikia kaunta kwa sauti nyingi. Mimi siyo daktari wako, hivyo chukua maneno yangu kama maelezo ya jinsi dawa inavyofanya kazi, na uamuzi ubaki kwako na kwa aliyekuandikia.

Unywele una majira. Hukua kwa miaka kadhaa, kisha husimama, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, halafu hudondoka ili mwingine uote katika kinyweleo kilekile. Ndiyo maana hata mtu mwenye nywele nene hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku bila kujua. Minoksidili inafupisha yale mapumziko na kurefusha kipindi cha kukua. Sasa fikiria kichwa ambacho nywele nyingi zimelala: dawa inapoingia, vinyweleo vingi vinaamka kwa pamoja na kuusukuma nje unywele wa zamani. Huko ndiko kupukutika kwa wiki za mwanzo, ambako kwa kawaida hutokea kati ya wiki ya pili na ya nane, ingawa si kila mtu hukuona. Aliyeacha kwa miezi saba na kurudi ni mwanzaji upya mbele ya kinyweleo, hata kama yeye mwenyewe anajiona mkongwe. Wiki ya tano uliyopo iko ndani ya muda huo. Ikipita wiki ya nane na bado zinamwagika kwa kasi ileile, au ukiona ngozi ina wekundu, magamba au maumivu, rudi kwa daktari.

Ile miezi miwili ya kimya baada ya kuacha ndiyo inayowapoteza wengi. Nywele zilizokuwa zikishikiliwa na dawa hazidondoki siku unayoacha; siku hiyo zinaanza kuingia kwenye mapumziko, na mapumziko ni ya miezi mitatu. Ulichokiona Juni kiliamuliwa Machi, ulipokuwa Songea. Baada ya kuacha, nywele zilizopatikana kwa dawa huondoka ndani ya miezi mitatu hadi sita hivi, na kichwa hurudi pale ambapo upara ungekifikisha bila dawa. Watu husema dawa inamwadhibu anayeiacha, lakini siyo kweli; inadai tu kilichokuwa chake, na kwa sababu inadai kwa mkupuo, unahisi umeibiwa.

Kuhusu kufika ulipokuwa: waliokuwa wakiipokea vizuri kwa kawaida huipokea tena, kwa sababu ngozi haijengi usugu dhidi yake kama vile vijidudu vinavyojenga usugu dhidi ya antibayotiki. Tatizo ni kwamba minoksidili haigusi homoni inayosababisha upara wa kurithi. Katika miezi saba hiyo homoni iliendelea na kazi yake ya kuvinyausha vinyweleo, na baadhi yake huenda visiamke na unene wa awali. Kwa hiyo tarajia kurudi, lakini usiweke picha ya 2023 kama rula. Ipime dawa kuanzia mwezi wa nne, na hukumu ya mwisho iache hadi mwaka utimie.

Jambo jingine ambalo watu hulidharau kwa kuwa dawa ni ya kupaka: minoksidili ilianza ikiwa kidonge cha presha. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1979 kwa presha kali isiyosikia dawa nyingine, wagonjwa wakaota nywele usoni na mikononi, na kutokana na hilo ikatengenezwa ya kupaka ya asilimia 2 iliyoidhinishwa mwaka 1988, kisha ya asilimia 5 mwaka 1997. Sehemu ndogo huingia kwenye damu. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayemeza dawa za presha azungumze na daktari kwanza, na yeyote anayepata mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu au miguu kuvimba aache kupaka na aende kuonwa. Usifidie miezi iliyopotea kwa kupaka mara mbili ya kipimo. Nimeona mtu akimaliza chupa ya mililita 60 kwa wiki mbili ilhali ni ya siku 30. Hakupata nywele zaidi, alipata muwasho na kizunguzungu.

Mswahili wa Magomeni

Assalaam aleikum wote. Ninataka kuongeza sababu ya kuacha ambayo haijatajwa, nayo ni ratiba. Mimi niliacha mara ya kwanza si kwa msiba wala fedha. Niliacha kwa sababu ya udhu. Nilikuwa ninapaka saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, dakika chache baadaye ninapaka maji kichwani kwa ajili ya Magharibi, na maelekezo yanataka kichwa kisiloweshwe kwa takriban saa nne baada ya kupaka. Nikaona ninamwaga fedha kwenye kopo la udhu, nikaacha kwa hasira.

Nilipoirudia mwaka jana niliifunga kwenye swala zenyewe. Ninapaka baada ya kuswali Alfajiri, kwa kuwa hadi Adhuhuri kuna saa sita na zaidi, na ninapaka tena baada ya Isha, ambapo hakuna maji ya kichwa hadi Alfajiri inayofuata. Tangu hapo sijasahau hata wiki moja, kwa sababu hakuna siku inayokosa Alfajiri. Asiyeswali naye anaweza kuifunga kwenye kitu ambacho tayari hakimpiti, kama mswaki.

Angalizo la nyumbani: dawa hii ya maji ina spiriti, inashika moto. Usiku wa kwanza nilipaka, kichwa kikiwa bado kibichi nikainama kuwasha dawa ya mbu ya kuzungusha. Mke wangu alinivuta kwa ukosi wa fulana.

Mkazi wa Segerea (mleta mada)

Mfamasia, ahsante sana. Sentensi yako kwamba kilichotoka Juni kiliamuliwa Machi nimeisoma kwa sauti, na mke wangu akasema angalau sasa nijue kwamba sikukosea jana. Mswahili wa Magomeni, nimehamisha chupa kutoka kabatini na kuiweka kwenye kikombe cha miswaki.

Kipara Huru, sijakasirika. Nimekaa na swali lako la bajeti kwa siku mbili na nimepiga hesabu kwa kalamu: nikiacha soda ya mchana na kupunguza bodaboda za kutoka kituoni, chupa inalipika. Nisingependa kuikata tena kwa sababu ya fedha.

Mama Wawili

Kaka yangu, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi marahaba. Ninaandika kwa sababu wanawake pia tuko humu, ila tunasoma kimya.

Mimi nilikuwa ninatumia povu la asilimia 5 mara moja kwa siku, kwa kuwa nywele zangu zilikonda katikati, kwenye mstari wa kupasua. Siku kipimo kilipoonyesha nina mimba, daktari aliniambia niache siku hiyohiyo, kwani haitakiwi wakati wa ujauzito wala wa kunyonyesha. Niliacha nikisubiri balaa. Halikuja. Nywele zilibaki nene, zikapendeza kuliko zamani, hata nikaanza kusema nimepona. Baadaye niliambiwa kwamba ujauzito wenyewe huzishikilia nywele zisidondoke, kwa hiyo deni la kuacha dawa lilikuwa limewekwa pembeni tu.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu yalikuja yote mawili, la uzazi na la dawa. Nikichana, kichana kinajaa. Nikimwogesha mtoto, nakuta nywele zangu zimezunguka vidole vyake vya miguu na inanibidi nizitoe mmojammoja kwa kucha, taratibu, ili zisimkate. Mama mkwe alisema ni kawaida ya uzazi, na alikuwa sahihi nusu. Nusu nyingine sikuweza kumweleza, kwa sababu hakujua kwamba niliwahi kutumia dawa.

Katika kipindi hicho nilijifunza kutokukaa tu nikilia. Nilipimwa damu na tezi ya shingo. Madini ya chuma yalikuwa chini, nikapewa vidonge. Zile za uzazi zilianza kurudi zenyewe kabla ya mtoto kufikisha mwaka. Zile za mstari wa katikati hazikurudi, na hapo nikajua ni zipi zilikuwa za dawa. Mtoto alinyonya mwaka mmoja na miezi minane, nami sikugusa chupa hadi alipoacha kabisa. Niliporudia, kupukutika kwa mwanzo kulidumu wiki tatu hivi, na ningekuwa sijasoma ningeacha tena.

Jambo ambalo nisingependa dada zangu walipate kwa kushtukiza ni nywele za usoni. Mara ya pili niliota malaika weusi kwenye mashavu, karibu na masikio, kwa sababu nilikuwa ninapaka nikiwa tayari nimesinzia na dawa inahamia kwenye foronya. Sasa ninapaka mapema, saa mbili au zaidi kabla ya kulala, ninanawa mikono kwa sabuni, na foronya ninaibadilisha mara kwa mara. Zimepungua zenyewe. Nyumbani kwetu kuna paka pia, na dawa hii ni sumu kali kwa paka hata kwa kiasi kidogo cha kulamba, kwa hiyo halali tena kitandani kwangu, jambo ambalo bado hajanisamehe.

Mpita Njia Temeke

Hayo yote ni kujitesa. Kitunguu maji kilichosagwa na mafuta ya nyonyo vinatosha, wala havina kuacha na kurudia.

Fundi wa Sinza

Ndugu yangu wa Temeke, mimi ni msusi kwa miaka 19 na kitunguu nimekinusa kwenye vichwa vingi. Mafuta ya nyonyo yanalainisha unywele, sina ugomvi nayo. Ila vichwa vilivyopakwa kitunguu usiku kucha nimevipokea vikiwa vimechubuka, na mwenye kichwa hutaka nimsuke juu ya vidonda.

Kilichonileta kwenye uzi huu ni kingine. Kwanza neno lenyewe: humu mkisema dawa ya nywele, nusu ya wateja wangu wataelewa ile ya kulainisha. Nimewahi kuwa na mteja aliyeweka dawa ya kulainisha na kupaka minoksidili siku hiyohiyo, kwa kuwa zote kwake zilikuwa dawa ya nywele. Ngozi iliwaka kwa siku nne. Anayetaka kulainisha aoshe kwanza mabaki ya ile nyingine, na asiipake tena hadi saa 24 zipite.

La pili ndilo zito. Mleta mada ana uthibitisho wa daktari kwamba ni upara wa kurithi, na kwa yeye kuacha na kurudia ni hasara ya muda. Wapo wanawake ambao kwao ni hasara ya kichwa. Dada yangu wa damu alianza kukonda utosini, pakimuwasha na kuunguza kidogo. Alisoma mtandaoni, akanunua minoksidili, akapaka miezi mitatu, akaacha, akarudia, akaacha, akarudia, na kila akirudia alijipa miezi minne ya kusubiri kama mnavyoelekezana humu. Kila mara duara lilikuwa limetanuka. Mwaka wa pili nilimshika mkono nikampeleka kwa daktari wa ngozi, wakakata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima. Ni ugonjwa unaoanzia katikati ya utosi na kuacha kovu, na unatupata zaidi sisi wanawake wa asili ya Kiafrika. Penye kovu kinyweleo kimekufa, na hakuna cha kuamsha. Alipewa dawa za kutuliza uvimbe wa ndani ili usitambae zaidi, na minoksidili aliruhusiwa kama msaada kwa nywele ambazo bado ziko hai. Kipande cha katikati, ukubwa wa kiganja cha mtoto, hakitarudi.

Nikishika kichwa cha mteja sasa, ninatazama ngozi kabla ya unywele. Ngozi ya upara wa kawaida bado ina vitobo vidogo vya vinyweleo. Ya kovu ni laini, inateleza, inang'aa kama sahani. Nikiona hivyo sisuki, hata akiniongezea fedha. Na wale wenye kingo za mbele zilizong'oka kwa rasta za kukaza, wanaouliza kama wakirudia dawa zitaota: legezeni kwanza. Haiwezekani mkono mmoja upande na mwingine ung'oe.

Mpita Njia Temeke

Nimeelewa, fundi. Mama yangu ana hali hiyo ya utosini inayomuwasha. Nitampeleka.

Mtoto wa Kinondoni

Naomba kuuliza mfamasia. Mimi ninasafiri mikoani kwa kazi, siku tatu au nne kila wiki mbili, na mara nyingi chupa inabaki. Je, hizo siku zinahesabika kama kuacha na kurudia? Na je, ni kweli kwamba kuna kidonge kinachoondoa adha hii ya kupaka?

Mfamasia wa Zamu

Siku tatu au nne hazikurudishi mwanzo, kwa sababu kinyweleo hakihesabu kwa siku. Ukikosa dozi moja au chache, endelea na inayofuata kwa kipimo cha kawaida bila kulipiza. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea, maana siku nne zikijirudia kila wiki mbili ni zaidi ya robo ya mwaka mzima bila dawa. Nunua chupa ndogo yenye kizibo kinachokaza, iwe na dropa yake, ikae kwenye begi la safari moja kwa moja. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Chupa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 20 na 25, na dashibodi ya gari mchana wa Februari hapa Dar siyo mahali pa kuhifadhia hata pipi.

Kuhusu kidonge, wapo madaktari wa ngozi wanaoandika minoksidili ya kumeza kwa kipimo kidogo sana, nje ya matumizi ambayo kidonge kiliidhinishiwa. Ni uamuzi wa daktari baada ya kuangalia moyo na presha, na atakufuatilia. Akija mtu kaunta kuniomba bila cheti kwa sababu amechoka kupaka, simpi. Na kwa yule anayewashwa na ile ya maji, jueni kwamba mara nyingi kinachowasha ni propilini glikoli, kiyeyushi kilichomo ndani yake, na siyo dawa yenyewe. Povu kwa kawaida halina kiyeyushi hicho. Wengi walioacha kwa muwasho wangeweza kubadilisha tu.

Mkazi wa Segerea (mleta mada)

Wakuu, leo ni mwisho wa Machi, mwezi wa tano tangu niirudie, na niliahidi moyoni kwamba sitauacha uzi huu njiani kama waanzishaji wengi wanavyofanya.

Kupukutika kulikoma wiki ya nane, siku chache kabla ya Krismasi. Nasema kulikoma, ingawa hakukuwa na siku moja ninayoweza kuionyesha kwa kidole. Niligundua tu kwamba wiki nzima imepita bila kuangalia taulo. Wiki ya sita na ya saba zilikuwa mbaya sana. Kuna asubuhi moja niliishika chupa juu ya sinki nikitaka kuimwaga, na kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimenunua mbili kwa pamoja, na ya pili ilikuwa bado na muhuri. Uchumi uliokoa nywele ambazo uchumi uliziua.

Nimejiwekea taratibu chache. Nimeacha kuhesabu kabisa. Badala yake ninapiga picha Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwenye dirisha lilelile la sebuleni, saa tatu asubuhi, na mke wangu ndiye anayepiga na kuitunza kwenye simu yake, mimi sizioni hadi zitimie picha mbili. Kwenye chupa nimechora mistari kwa kalamu, mmoja kwa kila wiki, hivyo ninajua bila kudhani kama nimekuwa mwaminifu. Januari dawa ilibaki juu ya mstari, kipimo cha usiku tatu nilizokosa. Sikulipiza.

Mapema mwezi huu tulikwenda Songea kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba. Safari hii chupa nilikuja nayo. Jioni ya pili baba mdogo alinikuta uani, nimeinama, nikijidondoshea utosini, akauliza ninatibu nini. Nilimweleza. Alicheka hadi akashika nguzo, kisha akavua kofia, akainamisha kichwa chake chote kinachong'aa na kuniomba nimwekee kidogo. Nilikumbuka maneno ya mfamasia, kwa kuwa mzee ana presha na moyo wake hauko sawa, nikamwambia ni lazima kwanza amuulize daktari wake. Akarudisha kofia, akasema kwamba hata baba yangu angeuliza swali hilohilo, ila yeye angeuliza usiku.

Picha za Februari na Machi nimezitazama jana. Malaika wako utosini, na katikati yao kuna zilizokomaa kuwa nyeusi. Panja zimebaki zilipokuwa Agosti, na sidhani kama zitasogea. Sijafika 2023. Leo mchana nilikwenda Tabata. Kinyozi alinishika kichwa, akakigeuza kushoto na kulia, akachomoa namba moja kwenye mashine na kuiweka mezani, akaniuliza tujaribu ngapi. Tumekubaliana namba mbili.